Usalama wa Wapakizi wa Malori na Matela: Hotuba kwa Wanachama, Chiola



Katika kuadhimisha miaka 10 ya Chama chetu Kikuu, wengi wamekwisha nena juu ya bei na mizani. Mimi naomba kusema juu ya watu wanaoyabeba magunia yetu.

Tangu reli ya Nachingwea ilipofungwa mwaka 1962, mazao ya sehemu zetu hufika bandarini Mtwara kwa malori. Gunia la korosho lina uzito wa kilo 80 hivi, nalo hupita begani mwa mtu kabla ya kufika juu ya lori. Msimu nao hukutana na mvua za kwanza. Basi haraka huwa nyingi, na upakiaji huendelea hata usiku.

Ajali zenyewe si za ajabu. Tela likifunguliwa mteremkoni bila kabari chini ya gurudumu, hubingirika. Lori hurudi nyuma, na mtu yu kati ya bodi na ukuta wa ghala. Utingo hukaa juu ya shehena, na lori likiingia shimoni, huanguka. Kinga yake haina gharama kubwa: kabari za mti, mtu mmoja wa kumwongoza dereva, na amri kwamba mtu asipande juu ya mzigo safarini.

Lakini liko jambo zito zaidi. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 yamtaka mwajiri ajiandikishe katika Mfuko wa Fidia na kuuchangia. Mfanyakazi hakatwi hata senti. Mfuko hugharimia matibabu, hulipa fidia ya ulemavu, na huwaangalia wategemezi wa marehemu. Bali mpakizi wa kijijini huitwa asubuhi kwa mdomo, hulipwa kwa gunia, na jioni huenda zake. Akivunjika mguu, dereva husema ni mtu wa chama. Chama husema ni mtu wa mwenye lori. Hivyo hana mwenyewe.

Ndugu zangu, mtu huyo ni mtoto wetu. Naomba vyama vyetu vikubali mambo mawili: kila mkataba wa usafirishaji utaje mwajiri wa wapakizi ni nani, na karani aandike jina la kila mpakizi kabla gunia la kwanza halijainuliwa. Sisi twaandika kila kilo ya korosho. Hatushindwi kuandika jina la mtu.