Sikukuu ya Vibanda na Meza ya Maskini



Nimeombwa niseme juu ya sikukuu na jumuiya. Nimechagua sikukuu isiyo yetu, ingawa Bwana wetu mwenyewe aliihudhuria. Injili ya Yohane, sura ya 7, yatueleza kwamba alipanda kwenda Yerusalemu wakati wa Sikukuu ya Vibanda, na siku ya mwisho akasimama akapaza sauti kuwaita wenye kiu. Wayahudi huiita Sukkot. Hekalu lilibomolewa na Warumi mwaka 70, lakini vibanda vilibaki, kwa sababu kibanda hujengwa nyumbani. Hadi leo huiadhimisha kwa siku saba, kuanzia siku ya 15 ya mwezi wao wa Tishri, yaani Septemba au Oktoba.

Familia hujenga kibanda uani au kwenye roshani. Kuta zaweza kuwa za mbao au hata za turubai. Lakini paa sharti liwe la matawi au mimea mingine iliyokatwa, na ni vizuri nyota zionekane kupitia humo. Bati halikubaliki. Humo ndimo wanamokula, na wengine hulala humo. Kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya 23, chatoa sababu: vizazi vijue kwamba Mungu aliwakalisha Waisraeli vibandani alipowatoa Misri. Angalieni majira yake. Ni wakati wa mavuno, ghala zimejaa, mtu yu karibu kujisifu kwa jasho lake. Ndipo aamriwapo kutoka chini ya paa lake imara akakae kama msafiri asiye na kwao. Sisi wa nchi za Maziwa Makuu, ambao tumeona kambi za wakimbizi, hatuhitaji kufafanuliwa sana maana ya kulala chini ya turubai.

Lakini nataka tukae zaidi juu ya furaha. Kumbukumbu la Torati, sura ya 16, huamuru watu wafurahi katika sikukuu hii, kisha hutaja watakaofurahi: si wana na binti peke yao, bali pia watumishi, Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Maimonides, mwalimu mkuu wa Wayahudi aliyefariki mwaka 1204, alifundisha kwa ukali kwamba mtu anayefunga lango lake akala na kunywa na mkewe na watoto, bila kuwalisha maskini, hana furaha ya sikukuu. Anayo furaha ya tumbo lake tu. Ipo pia desturi ya kuwaalika kibandani, kwa maneno, wageni saba watakatifu, tangu Abrahamu hadi Daudi, mmoja kila siku. Mapokeo yao husema kwamba fungu la chakula la wageni hao ni haki ya maskini. Si hisani, ndugu zangu, ni haki.

Siwezi kupita hapa bila kutaja sherehe zetu za somo wa parokia, ambako mara nyingi kivuli na kuku ni vya wageni rasmi, na mama mjane aliyetoa mchango wake tangu mwezi wa pili husimama juani na sahani ya wali.

Wala mambo haya hayako mbali nasi. Karibu na Mbale, Uganda, wapo Abayudaya, Waafrika wanaofuata dini ya Kiyahudi tangu mwaka 1919, walipoongozwa na Semei Kakungulu. Katika utawala wa Idi Amin, 1971 hadi 1979, dini yao ilipigwa marufuku. Wengi waliiacha, wachache waliendelea kwa siri, na baada ya 1979 wakaanza kukusanyana upya.

Sipendekezi tujenge vibanda vya Kiyahudi parokiani. Kuigiza ibada ya wengine si kuiheshimu, na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko la mwaka 1965 juu ya dini zisizo za Kikristo, ulitutaka tuwafahamu na kuwaheshimu Wayahudi. Naomba jambo dogo zaidi. Kabla bajeti ya sikukuu ijayo haijapitishwa, kila Jumuiya Ndogo Ndogo iiletee halmashauri ya walei majina ya wajane, yatima na wageni wanaokaa katika eneo lake, na viti vyao vihesabiwe kwanza, chini ya turubai lile lile.