Neno «Roho»



Sisi makatekista twalitamka neno «roho» kila siku. Asili yake ni Kiarabu, ruh, ndugu ya ruah ya Kiebrania: upepo, pumzi. Huku Maniema mutu akifa amekata roho; mwenye wivu ana roho mbaya. Basi mukatekumeni auliza: Roho Mutakatifu ni pumzi ao ni moyo? Twamujibu kwa Injili ya Yoane: Yezu mufufuka aliwapulizia mitume, akawapa Roho.

Wazee wauliza lililo gumu zaidi. Neno hili lilifika Nyangwe na Kasongo katika karne ya 19, pamoja na misafara ya Zanzibar iliyowafunga babu zetu minyororo. Laingiaje katika ishara ya musalaba? Wamisionari walipokuja, walilikuta tayari midomoni mwetu.