Majibu Yarudi Kijijini: Hotuba ya Mgeni Rasmi kwa Wahitimu wa Shahada ya Uzamili ya Utawala wa Umma, Chuo Kikuu Mzumbe

    

Hotuba niliyoandaliwa ninayo hapa. Imepangwa vizuri, na nitaikabidhi kwa uongozi wa chuo iingie kwenye kumbukumbu. Niruhusuni nichukue aya moja tu, ile ya historia, halafu nizungumze na wahitimu.

Aya hiyo inasema shule hii ilianza mwaka 1953, enzi za mkoloni, kuwafunza machifu, watumishi wa serikali za wenyeji, madiwani na mahakimu. Mwaka 1972 ikawa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo, IDM, na mwaka 2001 ikawa chuo kikuu. Naongezea jambo moja. Mwaka huohuo wa 1972 tuliingia kwenye mfumo wa madaraka mikoani, na halmashauri za wilaya zikavunjwa. Zilirudi kwa Sheria Na. 7 ya 1982, zikaanza kazi 1984. Maana yake hapa chini ya milima ya Uluguru wamefunzwa watu wa machifu, watu wa madaraka mikoani na watu wa halmashauri. Mfumo umebadilika, Mzumbe imeendelea kutoa watendaji. Kila ofisi niliyopangiwa nimemkuta mtu wa hapa, na mara nyingi ndiye aliyejua faili liko wapi. Walimu hawa wapigieni makofi.

Sasa wahitimu, tuzungumze.

Nilipokuwa Katibu Tawala wa Wilaya, nikifika ofisi ya kijiji nilikuwa naanza na kitabu cha wageni. Siku moja nikakifungua: tarehe, jina, atokako, shughuli, sahihi. Kwenye safu ya shughuli, katikati ya afisa ugani na bwana afya, nikakuta “utafiti”, nikifunua ukurasa, “utafiti” tena, wino tofauti, vyuo tofauti. Nikamuuliza mtendaji wa kijiji watafiti hao walikuwa wanatafiti nini. Akanitajia bila kusita: ushiriki wa wananchi, migogoro ya ardhi, mapato na matumizi. Nikamuuliza walibaini nini. Akasema, “Mzee, waliahidi kurudi.” Mwenyekiti wa kijiji, mama mmoja mtu mzima, akadakia: “Hawa wanatuuliza kama tunawasomea wananchi mapato na matumizi. Mbona wao ya kwao hawatusomei?”

Sikuwa na jibu la kumpa, na mpaka leo sijalipata.

Angalieni mtafiti anavyopokelewa. Anakuja na barua ya chuo, inapita mkoani, wilayani, kwa mkurugenzi, kwa mtendaji wa kata, hadi kijijini. Mjumbe anaacha shamba lake anamtembeza nyumba kwa nyumba. Mama anaweka jembe chini, anajibu dodoso zima kwa Kiswahili, mtoto mgongoni. Baada ya hapo majibu yake yanaandikwa kwa Kiingereza, yanajalidiwa, yanapanda rafu ya maktaba. Aliyeyatoa hayaoni tena.

Chukueni mfano wa mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Mkitafiti kwa nini marejesho yanakwama, kikundi kilichowajibu kinayahitaji matokeo hayo kabla ya kuomba mkopo mwingine. Na jukwaa lipo. Mkutano Mkuu wa Kijiji, wa watu wazima wote wa kijiji, unatakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu. Andikeni kurasa mbili za Kiswahili chepesi, ziingie kwenye ajenda, zisomwe.

Msiniambie nauli. Mtendaji ana simu, mtumieni. Msiniambie pia kwamba matokeo yatawaudhi viongozi. Wengi wenu mlikuja hapa kwa ruhusa ya masomo na mnarudi kwenye halmashauri zilezile. Kama mtu mwenye shahada ya uzamili ya utawala wa umma anaogopa kuusomea umma matokeo, tumtegemee nani? Wasimamizi nanyi, mnarudisha tasnifu kwa sababu ya mkato uliokosekana kwenye marejeo, na mnafanya vyema. Mrudisheni basi na yule ambaye kijiji chake hakijapata nakala.

Nimefurahi sana kusikia kwenye risala yenu kwamba baadhi yenu mmeanza kufanya hivyo bila kusukumwa. Hongereni sana, tena sana. Nyinyi ndio maofisa ninaotamani kufanya nao kazi.

Kwa upande wangu, nitalizungumza jambo hili na makatibu tawala wenzangu tutakapokutana, tuone namna kibali cha utafiti kinavyoweza kubeba sharti la mrejesho. Ombi lenu la gari la utafiti nimelipokea, nitalifikisha panapohusika, litaangaliwa kadiri bajeti itakavyoruhusu. La ukumbi kadhalika.

Nawatakia kazi njema huko mwendako.