Daftari la babu yetu

Maneno haya tuliyasema Mahurunga, siku ya arobaini ya babu yetu.

Leo zimetimia siku 40 tangu babu yetu afariki. Sisi wajukuu tumekubaliana tuseme machache. Tukisema yote jua litatuchwea, maana babu aliishi zaidi ya miaka 90.

Cheti cha kuzaliwa hakuwa nacho. Umri wake tuliupima kwa mambo aliyoyaona. Waingereza walianza mpango wao wa karanga mwaka 1947. Mpango ule ulishindwa, lakini bandari ya Mtwara ilijengwa. Babu alikuwa kijana, akafanya kibarua huko. Pesa aliyopata akanunua mtumbwi, kisha akarudi kulima mpunga bondeni.

Ninyi mliolima bonde la Ruvuma mnaijua kazi yake. Mchana unafukuza ndege. Usiku unalala dunguni kuzuia viboko wasile mpunga. Mto nao una tabia yake. Mwaka huu unakula ukingo huu, mwaka mwingine unaacha mchanga kule. Mti uliokuwa alama ya mpaka unakwenda na maji.

Tarehe 25 Septemba 1964, FRELIMO ilianza vita ya kumwondoa Mreno Msumbiji. Watu wengi walivuka mto kuja kwetu, watoto mgongoni. Babu aliwavusha wengine kwa mtumbwi wake. Familia moja alikaa nayo nyumbani. Msimu wa kulima ulipofika, akawakatia kipande cha shamba. Watu wakamwuliza, "Unawapa wageni ardhi?" Akajibu, "Lugha yetu ni moja. Na hata isingekuwa moja, tumbo ni lile lile."

Wakati huo babu hakujua hata herufi moja. Siku moja mchuuzi mmoja alimletea karatasi ya deni, naye akatia dole gumba. Yeye alijua deni ni gunia moja la mpunga. Kumbe karatasi ilisema mawili. Akalipa mawili.

Mwalimu Nyerere alipoutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, babu aliingia darasani. Darasa lenyewe lilikuwa chini ya mwembe. Umri wake ulikaribia miaka 40. Watoto wake wakamcheka. Akawaambia, "Mimi ada nimekwisha kulipa. Gunia moja la mpunga."

Alipojua kuandika, alinunua daftari. Humo aliandika madeni, mavuno, na siku tulizozaliwa sisi wajukuu wake.

Sasa, jamani, tuseme jambo la aibu. Babu alipokwisha kuzikwa, sisi wajukuu tulianza maneno. Eti kile kipande cha bondeni ni chetu, babu aliwaazima tu. Tulijua mashahidi wote wamekwisha kufa. Tukawaendea watoto na wajukuu wa wale waliovuka mto, tukawaambia wasilime tena msimu huu.

Bibi alisikia. Hakugombana nasi. Aliingia ndani, akatoka na daftari, akasema, "Ninyi mmesoma. Haya, someni."

Tukasoma. Ukurasa ule uliandikwa mwaka 1972, kwa herufi kubwa zilizopinda: "Shamba la bondeni, hatua 60 kwa 40, nimewapa ndugu hawa. Sikuwaazima. Watoto wangu wasiwasumbue."

Hakuna aliyefungua mdomo. Watu wote waliokuwepo siku ile wamekufa, na alama za mpaka zimechukuliwa na mto. Lakini neno la babu lilikuwa palepale.

Jana tuliwaendea majirani wale, tukaomba radhi. Tunawashukuru, wametusamehe. Tumekubaliana kwenda pamoja mbele ya halmashauri ya kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inairuhusu halmashauri ya kijiji kutoa hatimiliki ya kimila. Wao wataomba hati yao. Sisi tutasimama kuwa mashahidi wao.

Basi, babu ametufundisha nini? Kwanza, usitie sahihi wala dole gumba kwenye karatasi usiyoisoma. Kama huwezi kuisoma, mtafute mtu unayemwamini akusomee. Pili, ukitoa kitu, andika kwamba umekitoa. Ukikopa, andika. Ukigawa shamba, andika kipimo na mwaka, maana mtu hufa na mti huanguka. Tatu, kusoma peke yake hakutoshi. Sisi tulikwenda shule kuliko babu, lakini tulitaka kudhulumu. Yeye alijifunza herufi ukubwani, akazitumia kulinda haki ya jirani yake.

Nanyi mliojifunza kusoma ukubwani, msione haya kwa mwandiko uliopinda. Mwandiko wa babu ulipinda, lakini ukweli wake ulinyooka.

Mwenyezi Mungu amrehemu babu yetu. Daftari lake lina kurasa nyingi ambazo hazijaandikwa. Tutaziandika sisi.