KOKO WA MBWA



Leo tumkumbuke mama mmoja mzee wa Rutshuru. Jina lake silitaji. Sisi watoto tulimwita Koko wa Mbwa, kwani alipenda mbwa kuliko kuku na mbuzi, nasi tulimcheka.

Mnakumbuka vita vya mwaka 2008. Mwezi wa kumi, watu walitoroka kijijini mwetu usiku, mtoto mgongoni, sufuria kichwani. Mbwa wakabaki. Koko hakuwa na nguvu za kukimbia, naye akabaki.

Mbwa wakaja kwake mmoja mmoja kwa njaa. Aliwapikia maganda ya viazi na vichwa vya samaki wa Vitshumbi. Jioni, kila mbwa alirudi kulala kwenye kiwanja cha bwana wake, hata pale nyumba ilipochomwa. Vijana waliobaki wakamwambia: “Hawa ni mbwa wa adui, tuwaue.” Koko akajibu: “Mbwa hajui kabila la bwana wake. Anajua mlango wake tu.” Kijana mmoja alikuwa na jiwe mkononi. Ndugu zangu, kijana huyo ni mimi ninayesema nanyi. Nililiweka chini.

Mapatano yalitiwa sahihi Goma tarehe 23 Machi 2009, watu wakaanza kurudi. Ndipo matata yakaanza. Jirani mmoja alikuta mtu amelima maharagwe katika kiwanja chake. Karatasi zake ziliungua. Mapanga yakatolewa. Chefu akaita baraza.

Koko akafika na fimbo yake, mbwa mwekundu nyuma yake. Akasema: “Huyu nimemlisha miezi mitano. Kila usiku alilala chini ya ule mti wa avoka. Mwenye mbwa ndiye mwenye mti.” Mbwa alikuwa amekwisha kulala miguuni pa jirani yetu. Chefu akawauliza wazee wengine, nao wakakubali. Akaamua: aliyelima avune maharagwe yake, kisha atoke. Mapanga yakarudi nyumbani bila damu.

Mimi nilisoma sheria baadaye. Kanuni za Umoja wa Mataifa juu ya wakimbizi wa ndani, za mwaka 1998, katika kanuni ya 21, zinataka mali aliyoiacha mkimbizi ilindwe, isiharibiwe wala kunyang’anywa. Katiba yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 34, inalinda mali iliyopatikana kwa sheria au kwa desturi. Koko hakusoma hata neno moja la hayo. Aliyatenda.

Alipokufa, waliokimbia na waliobaki walikaa pamoja kwenye kilio chake. Mbwa walilala mlangoni.

Basi, machefu, andikeni sasa viwanja vya waliokimbia: mpaka, miti, mtaro, na mashahidi wa kila kabila. Msingoje warudi. Ninyi mlio makambini, wafundisheni watoto majina ya majirani na alama za mipaka. Na wewe uliyebaki, usiguse cha aliyekimbia. Kitunze. Kesho waweza kukimbia wewe, na mbwa wako atabaki mikononi mwa mwingine.