Ukuta Mwembamba Kati ya Pua na Macho

Makala ya afya ya leo inaangazia sehemu ya fuvu ambayo wachache huifikiria, lakini inayoweza kuamua iwapo mgonjwa wa sainasi atatoka katika chumba cha upasuaji akiona au la.

Nyuma kabisa ya pua, karibu na katikati ya fuvu, kuna mfupa uitwao sfenoidi, wenye umbo la popo aliyetandaza mabawa. Ndani yake mna chumba cha hewa, yaani sainasi ya sfenoidi. Juu ya chumba hicho imekaa tezi ya pituitari. Ubavuni mwake hupita mishipa ya karotidi ipelekayo damu kwenye ubongo. Na juu kidogo, kila upande, hupita neva ya jicho ndani ya mfereji wa mfupa wenye urefu unaokaribia sentimita moja.

Ujirani huo haufanani kwa watu wote. Mtoto huzaliwa bila chumba hicho kukamilika. Hewa hukipanua taratibu tangu utotoni hadi ujanani. Kwa baadhi ya watu upanuzi hukoma mapema. Kwa wengine huendelea mpaka hewa ikauzunguka mfereji wa neva ya jicho.

Mwaka 1979, watafiti wa Marekani waliochunguza mifupa hiyo kwa darubini walieleza kuwa katika asilimia 4 ya neva za jicho, palikuwa na sehemu zisizo na mfupa wowote wa kuzitenga na sainasi, ila utando tu. Mwaka 1996 uchunguzi mwingine ulipitia picha za watu 150, sawa na neva 300. Asilimia 76 ya neva zilipakana na sainasi ya sfenoidi bila kuubonyeza ukuta wake. Asilimia 15 ziliubonyeza, asilimia 6 zilipita katikati ya chumba chenyewe, na asilimia 3 zilipakana pia na sainasi ya ethmoidi iliyo mbele yake.

Hali hiyo ya mwisho inakumbusha kazi ya daktari Adolf Onodi wa Budapest, aliyeeleza mwanzoni mwa karne ya 20 kuwa chumba cha ethmoidi huweza kurefuka nyuma, juu ya sfenoidi, hadi kuigusa neva ya jicho. Chumba hicho kingali na jina lake. Daktari asiyekitambua huweza kudhani amefika katika sfenoidi, kumbe ameikaribia neva.

Tangu miaka ya 1980, upasuaji wa sainasi kwa kamera nyembamba inayopitishwa puani umeenea sana. Umewaondolea wagonjwa makovu ya usoni, lakini umewaleta madaktari karibu mno na ukuta huo. Aidha, kiambaza kinachoigawa sainasi ya sfenoidi mara nyingine hushikamana na mfereji wa neva au na ukuta wa karotidi. Kikivutwa kwa nguvu, mgonjwa anaweza kupofuka, au kuvuja damu kiasi cha kuhatarisha maisha.

Kinga iliyopo ni kuujua mwili wa mgonjwa kabla ya kuugusa. Kipimo cha CT, kilichofanywa kwa mgonjwa kwa mara ya kwanza London mwaka 1971 kwa mashine ya Godfrey Hounsfield, humwonyesha daktari mfupa huo kipande kwa kipande. Wahenga walinena: tahadhari kabla ya hatari.

Kwa hiyo, mgonjwa anayeandaliwa kufanyiwa upasuaji huu ana haki ya kumuuliza daktari wake: je, picha zimeonyesha neva ya jicho inapita wapi, na mfupa unaoifunika ni mzima? Aliyepigwa picha nchi moja na kutibiwa nchi nyingine asichukue ripoti ya maandishi peke yake. Azichukue na picha zenyewe, kwani daktari mpasuaji hana budi kuziona kwa macho yake.

Hata asiyetarajia upasuaji anahusika. Maambukizi au uvimbe katika sainasi hiyo huweza kuibana neva. Maumivu makali ya kichwa yanayoambatana na kuona ukungu, kuona vitu viwiliviwili au kupungua ghafla kwa nuru ya jicho si jambo la kungojea hadi kesho. Mgonjwa afikishwe hospitali siku hiyo hiyo.