Maumivu ya mugongo: tuangalie na nyonga

Maneno tuliyosema kwenye mukutano wa memba, Luena



Katika mukutano uliopita mulituomba mikanda ya kufunga kiuno. Tuseme wazi: hatutainunua. Tunajua wengine watakasirika. Mama mmoja alishatuambia, "Ninyi munatembea na pikipiki, mugongo wangu munaujulia wapi?" Hakukosea. Lakini musikilize kwanza.

Maumivu ya chini ya mugongo si ya Luena peke yake. Mwaka 2020 watu karibu milioni 619 duniani walikuwa nayo. Ila kwetu, mtu aliyekimbia vita na mzigo kichwani na mtoto mugongoni, akarudi, akashika jembe, ao anasukuma kinga yenye mifuko ya makala, hana siku ya kupumzika. Asipolima, hakuna bukari.

Tulipopita nyumba kwa nyumba, tuliomba kila anayeumwa asimame kwa mguu mmoja, sawa kuku. Mujaribu hata sasa, mushike ukuta. Ukisimama kwa mguu wa kuume, na kiuno upande wa kushoto kikashuka, ujue musuli wa nyonga ya kuume, ule wa kando ya tako, hauna nguvu. Munganga Mujerumani, Trendelenburg, alieleza alama hiyo mwaka 1895. Na uchunguzi umeonyesha kwamba wengi wenye maumivu ya mugongo wana udhaifu huo. Musuli ule ndio unashika kiuno sawasawa tukitembea. Ukilegea, mugongo unabeba kazi isiyo yake. Tusidanganyane lakini: haijulikani kila mara nini ilitangulia. Anayeumwa anaacha kutembea, na nyonga nayo inalegea.

Mkanda hautii nguvu hapo. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani, ile OMS, lilishauri mikanda isitumiwe kama tiba ya kawaida ya maumivu ya muda mrefu. Likasifu mafundisho na mazoezi. Mazoezi yenyewe ni haya: lala chali kwenye mukeka, kunja magoti, inua matako, hesabu mpaka tano, shusha. Mara kumi. Kisha lala ubavu, inua mguu wa juu polepole, umenyooka. Kisha kaa kwenye kiti na usimame bila kushika kitu. Pole pole, majuma mengi, si siku mbili.

Lakini mwenye ganzi kati ya mapaja, ao mguu unaopoteza nguvu, ao mikojo inayotoka yenyewe, asifanye mazoezi, apelekwe hospitali siku ile ile. Mwenye homa na kukonda naye apimwe. Kifua kikuu kinaweza kuingia hata katika mifupa ya mugongo.

Wafadhili wetu, pesa ya mikanda tunaomba ilipe safari za munganga wa viungo, na usafiri wa wagonjwa kama hao.

Tutaanza Jumamosi, saa tisa, kila mtu na mukeka wake. Yule mama aliyetukaripia amekubali kuja. Amesema yeye ndiye atahesabu, na sisi wa pikipiki tutalala mustari wa mbele.